Fasihi ya Kijapani na manga: SOAS au MEXT?

Binti_Ngamiani: Wakuu, naombeni ushauri. Nataka kubobea kwenye fasihi ya Kijapani pamoja na manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) na anime (filamu za katuni za Kijapani), hatimaye nifundishe chuo kikuu. Njia ni mbili: chuo cha SOAS kule London, au ufadhili wa MEXT wa serikali ya Japani. Dirisha la maombi ubalozini linakaribia kufungwa.

Mkongwe_Kkoo: Mleta mada, hujasema umri, Kijapani chako kimefika wapi, wala London analipa nani.

Binti_Ngamiani: Samahani mkuu. Miaka 27, nina N3, ile ngazi ya kati ya mtihani wa Kijapani. London mjomba atachangia.

KanjiKidogo: MEXT! Ada hulipi, tiketi ya ndege wanatoa, posho kila mwezi. Wanataka uwe chini ya miaka 35, umri unakuruhusu. Ila kwa N3 riwaya zitakushinda, pambana ufike N1, ngazi ya juu kabisa.

Nyota_Tanga: Dada, mimi nilikwenda kwa ufadhili huohuo, nikaanza kama kenkyusei, mwanafunzi mtafiti. Andiko langu lilihusu anime. Profesa alinipokea vizuri, kumbe yeye ni mtu wa fasihi ya kale. Wiki ya tatu akaniwekea mezani nakala ya kitabu cha enzi za Edo (karne ya 17 hadi 19), kimeandikwa kwa kuzushiji, mwandiko wa kale wa Kijapani: herufi zimeshikana kama mizizi ya mikoko, hujui moja inaishia wapi. Nilikesha, nikapata mistari miwili. Mwaka wa pili akastaafu, wa kunisimamia hakuna. Nilirudi na uzamili, uzamivu ukaishia hapo. Tafuta msimamizi kwanza. Soma makala zake, uliza anastaafu lini.

KanjiKidogo: Pole sana. Lakini chuo cha Kyoto Seika kule Japani wana kitivo cha manga tangu 2006. Hata rais wa chuo 2018 hadi 2022 alikuwa Mwafrika, Oussouby Sacko wa Mali.

Mkongwe_Kkoo: Sacko ni msanifu majengo. Na pale wengi wanajifunza kuchora, huyu anataka uhakiki.

Shangazi_Tafsiri: SOAS wanafundisha Kijapani na Kiswahili. Ashike vyote viwili.

Mkongwe_Kkoo: Kiswahili kinaingiaje hapa?

Shangazi_Tafsiri: Kwenye ajira, kaka! Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili. Na wewe umesoma riwaya ngapi zilizotoka Kijapani moja kwa moja kuja Kiswahili?

Mkongwe_Kkoo: Hapo umenibana.

Binti_Ngamiani: Mjomba anapiga simu jioni. Da Nyota, barua ya kwanza kwa profesa uliandika kwa Kijapani?