Mwamba wa shamba letu Lukenya: nikitoza wapandaji, ajali ni ya nani?

MtuWaDonholm: Habari zenu. Tuna shamba upande wa Lukenya lenye mwamba mkubwa. Kila Jumamosi vijana hutoka Nairobi na kamba zao kuja kupanda. Njia imemomonyoka na choo hakuna. Nataka kutoza shilingi 300 kila mtu, pesa zitengeneze hayo. Mtu akianguka, nitashtakiwa mimi? Nishaurini, wiki mbili sijalala.

MamaWawili: 300 ni kidogo. Mbuga ya Hell's Gate unalipa kiingilio kabla hujaona hata punda milia. Ongeza chai na chapati. Mimi kibanda cha chai pale Kangundo Road ndicho kilichonisomeshea watoto, wa mwisho sasa ni mwalimu.

KambaNgumu: Mimi ni mpandaji. Kule Marekani majimbo mengi humkinga mwenye ardhi anayeruhusu watu bure. Akianza kutoza, kinga hiyo kwa kawaida humponyoka. Huko huko Access Fund, shirika la wapandaji tangu 1991, huchangisha pesa za kutunza miamba, hata kununua mingine. Achana na ada. Tuombe sisi wapandaji tuchange.

JiraniWakili: Hapa ni Kenya, soma Sura ya 34 ya sheria zetu, Occupiers' Liability Act, yaani sheria ya wajibu wa msimamizi wa mahali kwa wageni. Anayesimamia mahali lazima achukue tahadhari ya kutosha mgeni awe salama. Kibao cha onyo hakikuokoi, isipokuwa kinamwezesha mgeni kuepuka hatari yenyewe. Aliyeikubali hatari kwa hiari yake, hilo ni jambo jingine. Sasa niambie: wiki mbili hulali kwa ajili ya choo? Nani ameanguka?

MtuWaDonholm: Kijana wa chuo. Amevunjika kifundo cha mguu. Na ukweli ni kwamba natoza tangu Aprili. Lakini kila mtu hutia sahihi kwenye daftari, na kibao nimeshaagiza. Tena hati ya shamba bado ina jina la marehemu baba, kwa hiyo sioni watanishika vipi.

JiraniWakili: Watakushika wewe. Anayefungua geti na kupokea pesa ndiye msimamizi, hata hati ikiwa kwa jina la babu.

MzeeWaKayole: Mwanangu, hospitali umeenda kumwona? Huyo ni mtoto wa watu. Kwetu ulikuwa unafika na maziwa kabla ya kutaja sheria.

MtuWaDonholm: Nilimtumia pesa kwa simu. Wakili wake ameniambia nisiwasiliane naye.

Mchunguzi_254: Hii ni hadithi ya kutunga. Mwezi jana kulikuwa na mwingine hapa na kidimbwi chake cha kuogelea, naye pia "hakulala". Ameangukaje? Kamba ilikatika? Husemi.

MtuWaDonholm: Situngi. Bolti ya mwambani inayoshikilia kamba ilichomoka. Iko hapa mezani, ndefu kama kidole changu cha kati, kutu imeila mpaka nikiisugua unga mwekundu unabaki mkononi. Niliitia mimi na fundi aliyetuwekea geti. Tulitia tisa, zile zile za kufungia mageti, kwa sababu za wapandaji ni ghali.

KambaNgumu: Nane bado ziko mwambani?

MtuWaDonholm: Ndiyo. Na watu 12 wameshalipia Jumamosi hii. Pesa yao ndiyo niliyoagizia kibao.

KambaNgumu: Funga geti leo. Nitumie mahali, Ijumaa nakuja na wenzangu tuzing'oe zote. Usipande kuzigusa mwenyewe.

MamaWawili: Hao 12 wapigie sasa hivi. Mambo ya pesa waambie utawarudishia mwisho wa mwezi.