Tasnifu kutoka MARC kwenda DSpace: msimamizi amegeuka mwandishi

mkutubi_ngara

Habari zenu wadau. Niko maktaba ya chuo fulani hapa Nairobi na nimeangushiwa kazi ya kuhamisha tasnifu zote kutoka katalogi ya zamani kwenda DSpace 7 (programu ya ripozitori, yaani hifadhi ya kidijitali ya chuo). Ziko elfu nne na kitu, rekodi ni za MARC (muundo wa katalogi ambao kila habari inakaa kwa sehemu yenye namba), PDF ziko kwa hard disk na kila faili imepewa jina la namba ya rekodi yake (hapo aliyenitangulia Mungu ambariki). Nikatumia programu ya MarcEdit kugeuza ziwe Dublin Core (muundo mwepesi zaidi wa habari hizo), nikajaribu hamsini za kwanza za idara moja kwa seva ya majaribio, zikaingia bila kelele nikaenda kunywa chai nikijua nimemaliza.

Kurudi nikafungua orodha ya waandishi. Kuna profesa mmoja, saa hii amestaafu, ati ameandika tasnifu 17! Kumbe ndiye alikuwa anasimamia hao wanafunzi wote. Halafu vichwa vyote vinaishia na mkwaju, hivi:

Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa Kiambu /

na mahali pa Gĩkũyũ naona GÄ©kÅ©yÅ©. Bosi anataka kitu kiwe hewani kabla ya mahafali. Nianzie wapi, ama nirekebishe tu moja moja kwa Excel?

kabati_la_chini

Excel hapana tafadhali. Ukiifungulia CSV (jedwali la maandishi matupu) yenye tarehe 2014-05 inakugeuzia kuwa May-14 na haikuulizi, na ukisave ndio basi.

mama_katalogi

Pole mwanangu, hiyo ya profesa tumeipitia wengi. Shida haiko kwa DSpace, iko kwa sisi wakatalogi wa zamani. Mwanafunzi tulimweka sehemu ya 100 (mwandishi mkuu), msimamizi tukamweka 700 (watu wengine), na ile sehemu ndogo $e ya kusema huyu ni nani hatukuijaza, kwa sababu kwa kadi ya katalogi kila mtu alikuwa anaelewa tu. Sasa mashine haielewi. Na Dublin Core ya kawaida iko na vipengele 15 peke yake, kuna creator na contributor, hakuna cha msimamizi, kwa hivyo ukipitisha rekodi kwa hiyo njia nyembamba msimamizi na mwandishi wanatoka wakiwa wamevaa sare moja na huwezi tena kuwatenganisha kwa kuangalia matokeo. Ndio maana usirekebishe hizo hamsini. Zitupe, rudi kwa faili ya .mrc, ile ya MARC yenyewe.

DSpace yenyewe iko na dc.contributor.author na dc.contributor.advisor, zitumie. Kanuni yangu ilikuwa hivi: rekodi ikiwa na 502 (maelezo ya tasnifu) basi ni tasnifu, wa 100 ni mwanafunzi, na kila 700 ni msimamizi isipokuwa $e ama $4 (kodi ya kazi ya mtu) iseme vingine. Mahali kuna 700 tatu ama nne usiamini, fungua PDF uangalie ukurasa wa tamko, ule wenye sahihi za wasimamizi, uko pale mwanzo mwanzo. Mimi nilifungua mia mbili na kitu kwa wiki moja, macho yaliuma lakini iliisha.

Mkwaju ni alama za ISBD (kanuni za uakifishaji wa katalogi), zilikuwa za kutenganisha kichwa na jina la mwandishi kwa kadi. Unganisha 245 (kichwa) $a na $b ukiacha nukta pacha katikati, kata mkwaju wa mwisho, na $c, yenye jina la mwandishi, iache kabisa kwa sababu jina tayari liko 100. Mwaka usiuchukue kwa 260 (uchapishaji), huko utapata "c1998." na "[1998?]" na vituko vingine. Uchukue kwa 008 (mstari wa kodi), nafasi ya 07 mpaka 10, tarakimu nne safi.

Na kitu kimoja usisahau hata ukisahau vingine: namba ya 001 (namba ya rekodi yenyewe) iweke kwa dc.identifier.other. Siku mtu atauliza kitu ambacho hukuhamisha (atauliza) utakuwa na njia ya kurudi kwa rekodi yake ya MARC.

herufi_kaidi

Mama amemaliza mimi niongeze tu ya herufi. Hapo uko na magonjwa mawili si moja.

La kwanza, hiyo Ä© ni UTF-8 (namna Unicode, mfumo wa herufi za lugha zote, inavyohifadhiwa) iliyosomwa kana kwamba ni herufi za Kilatini za zamani. Angalia leader (mstari wa kwanza wa rekodi ya MARC), nafasi ya 09. Ikiwa na a rekodi inasema ni Unicode, ikiwa wazi inasema ni MARC-8, mfumo wa herufi wa zamani wa MARC. Katalogi nyingi zinatoa rekodi za UTF-8 na leader inabaki wazi, inadanganya, na programu ikiiamini inageuza kitu ambacho kilikuwa kimeshageuzwa. Sahihisha hiyo kabla ya kugeuza chochote.

La pili litakuja baadaye na ndilo lilinisumbua mimi. Utaingiza kwa OpenRefine (programu ya kusafisha data), utafungua facet ya mada (orodha ya mada na idadi ya rekodi zake), na utaona Gĩkũyũ mbili zinazofanana kabisa, moja na rekodi 40 nyingine 12. Utadhani unaota. Andika length(value), moja itakuambia 6 nyingine 9. Kwa ile ya 9 kila kiwimbi cha juu ya ĩ na ũ kimehifadhiwa kama herufi yake peke yake inayokaa juu ya jirani, MARC ndivyo imezoea. Kwa OpenRefine chagua lugha ya Jython uweke hii, inaunganisha herufi na kiwimbi chake:

import unicodedata
return unicodedata.normalize('NFC', value)

Zote zinakuwa 6. Fanya kwa waandishi, wasimamizi na mada, kama sivyo mtu mmoja atakuwa na kurasa mbili kwa ripozitori na atakuja kukupigia kelele dirishani.

mkutubi_ngara

Enyewe nilikuwa naota hizo Gĩkũyũ mbili, nilidhani ni macho. Asanteni sana. @mama_katalogi hiyo 502 yetu ni sentensi moja tu, digrii na chuo na mwaka vyote kwa $a. Nivitenganishe?

mama_katalogi

Digrii ndiyo, watu wa masomo ya uzamili watakuja kuhesabu. Unda schema (kundi la vipengele) ya thesis kwa rejista ya metadata ya DSpace, halafu kwa kila folda ya kuingiza (moja kwa kila tasnifu) weka metadata_thesis.xml kando ya dublin_core.xml. Mwaka tayari uko 008, linganisha tu, zikigongana amini tasnifu yenyewe.

kabati_la_chini

Kabla hujaingiza zote naomba nikueleze venye nilijiumiza. Nilianzisha dspace import (amri ya kuingiza vitu kwa DSpace) jioni, tasnifu 900, nikaenda nyumbani. Stima ikapotea usiku, UPS (betri ya akiba) ikakufa. Asubuhi nikaona zimeingia nusu, nikaanzisha tena kutoka mwanzo kama mjinga, nikapata nusu ya kwanza imeingia mara mbili, kila moja na handle yake (anwani ya kudumu). Kufuta ningetumia ile mapfile (faili ya kumbukumbu ya kilichoingia), lakini nilikuwa nimeiandikia juu. Nikafuta kwa mkono siku mbili.

Kwa hivyo kila fungu mapfile yake na jina lake, inakuambia folda gani imekuwa handle gani. Ikikatika tumia --resume na mapfile hiyo hiyo, ukijuta tumia --delete nayo. Anza na --validate ndio uone makosa kabla hakuna kitu kimeguswa. Mimi siku hizi fungu halizidi mia mbili, na siingizi jioni.

mkutubi_ngara

Nimerudi baada ya wiki tatu. Leader zilikuwa zinadanganya kweli, karibu zote. Zimeingia mafungu 22, stima ilipotea mara moja, --resume ikaokoa (@kabati_la_chini niko na deni lako la chai). 700 zenye utata zilikuwa 140, kwa sita kati ya hizo ukurasa wa tamko haukuskaniwa kabisa kwa hivyo nimeacha msimamizi wazi na nimeandika orodha niende stoo nitafute nakala ya karatasi.

Profesa amebaki na tasnifu moja, yake mwenyewe.

Leo bosi amefungua, amefurahi, halafu akaniuliza kama naweza kufanya hivyo hivyo na karatasi za mitihani ya zamani. Hizo hazijawahi kukatalogiwa, ziko kwa maboksi nyuma ya ngazi.