Mnaojazia watu Green Card steshenari, Mungu anawaona! Baba mdogo kapigwa dola 1,320

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Na yule anayekuja kuandika "ujinga wa mzee wako mwenyewe" aandike sasa hivi, tumalizane mapema.

Baba yangu mdogo ni fundi majokofu, Tanga. Umri umevuka hamsini, ana mke na watoto wawili, na hakuwa anadaiwa na mtu. Oktoba 2023 alikwenda steshenari moja karibu na stendi (siitaji), akajaziwa bahati nasibu ya Green Card, kile kibali cha kuishi Marekani, kwa shilingi 15,000. Kujaza ile fomu kulikuwa bure mwaka ule. Lakini sawa, kwa mtu asiyejua kompyuta ile 15,000 naihesabu jasho la kijana, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba kijana aliweka kwenye fomu barua pepe ya steshenari, ya mzee akaiandika kwenye kaunta buku pamoja na namba ya simu na majina ya familia nzima. Halafu ule ukurasa wa mwisho wenye namba ya uthibitisho, ambao ndio mali yenyewe, hakumpa. Kamwambia, "Mzee, ukishinda tutakupigia."

Mei 2024 barua ikaingia kwenye simu ya mzee. Juu kuna tai wa Marekani, chini muhuri, katikati jina lake kamili. Aliyetafsiri ni binti yake wa kidato cha tatu: hongera, umechaguliwa wewe na familia yako. Kila kichwa dola 330, vichwa vinne dola 1,320, zitumwe ndani ya siku saba kwa "afisa wa ubalozi" aliyeko London. Mtu anatoka Tanga kwenda Marekani, ada inapitia kwa mtu binafsi London! Na mwishoni: kwa usalama wako, usimweleze mtu yeyote mpaka taratibu zikamilike.

Wakuu, hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyotumaliza. Aliyeiandika huenda hajui hata Tanga iko upande gani wa dunia, lakini ilimkuta mzee tayari anaiamini tangu utotoni. Kwetu safari haitangazwi, watu wana husuda. Basi akauza pikipiki, sisi ndugu tukaambiwa injini imekufa. Akachukua milioni moja na nusu kikoba, mama mdogo akawaambia wenzake ni ada ya shule. Nyumba nzima ikaishi na siri karibu wiki mbili, hadi kuku wa kushukuru Mungu alichinjwa usiku jirani asisikie. Kwenye dirisha la kutuma pesa nje dada alimuuliza, "Mpokeaji unamfahamu?" Mzee akajibu ndiyo, ni afisa. Fomu ikagongwa muhuri. Milioni tatu na laki nne hivi, kwa dola ya wakati ule.

Mimi nimejua lini? Ilipokuja barua ya pili, vipimo vya afya, dola 480. Hapo hakuwa na cha kuuza, ndipo akanipigia nimkopeshe.

Nikapanda basi kesho yake, nikaomba simu. Jina la mtumaji limeandikwa ofisi ya serikali ya Marekani, ukiligusa inatokea anwani ya bure kama yako na yangu, na ukibonyeza kujibu, jibu linakwenda kwenye anwani nyingine kabisa. Barua pepe za serikali ile zinaishia na .gov. Angalieni mwisho wa anwani, si katikati, maana wajanja wanachomeka neno "gov" katikati halafu mwisho wanaweka .com au .org. Namba ya simu ilianza na +4470. Mzee aliniambia kwa kujiamini, "Si unaona, ya Uingereza hiyo." Namba za 070 za kule zinafanana na za simu ya mkononi, lakini ni za kuelekeza simu tu, unaweza kupiga ikaita nchi nyingine yoyote. Kwa hiyo hata hiyo London yenyewe sina hakika nayo.

Sasa someni hapa taratibu. Serikali ya Marekani haimtumii mtu barua pepe kumwambia amechaguliwa Green Card. Haimpigii, haimwandikii WhatsApp. Unaingia mwenyewe kwenye dvprogram.state.gov, unaweka namba yako ya uthibitisho, jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa, unaona jibu. Basi. Na ile ada ya dola 330 ipo kweli, ndiyo maana mzee hakushtuka aliposikia kiasi, lakini inalipwa ubalozini kwenye usaili, unapewa risiti mkononi. Halafu kuchaguliwa si kupata viza: viza hazizidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na wanaochaguliwa ni wengi kuliko hizo. Njia ya kweli ina maswali magumu. Wanataka elimu ya sekondari kamili au uzoefu wa kazi ya aina maalumu. Baba mdogo aliishia darasa la saba. Wale wa London hawakumuuliza shule hata siku moja, waliuliza pesa tu.

Tulipotaka kuhakiki jibu la kweli, namba ya uthibitisho hatuna. Tovuti inakuruhusu kuitafuta ukiweka jina, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe iliyotumika. Na barua pepe iliyotumika ni ya nani? Ya steshenari! Tukarudi kwa kijana, akataka 5,000 ya "kutafuta kwenye rekodi". Nililipa. Hakuchaguliwa.

Sisemi kijana ndiye aliyeuza majina, ushahidi sina. Ninachosema ni kwamba lile kaunta buku liko mezani mchana kutwa, kila anayekuja kutoa kopi anaweza kulipiga picha.

Najua kuna watakaoleta zao humu: umeshinda droo ya Coca-Cola, ya Microsoft, ya Uhispania. Ile ya Uhispania ipo kweli, El Gordo, inachezeshwa kila Desemba 22, ila mshindi ni aliyenunua tiketi na anayo mkononi. Hakuna droo inayookota anwani za watu mtandaoni. Wakikwambia utangulize kodi ndipo upewe, kumbuka hapa kwetu ukishinda mchezo halali kodi inakatwa humo humo kwenye ushindi kabla hujalipwa. Hakuna anayetoa nauli ya kufuatwa na pesa yake mwenyewe.

Mnaocheka Kiingereza kibovu cha barua hizo, nami nilicheka. Lakini mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alionyesha kwamba uongo ulio wazi namna ile unamfaa tapeli. Ni chekeche. Wewe unayecheka umeshapepetwa nje, hapotezi muda na wewe. Anayejibu baada ya kuona yote yale ndiye anayemtaka.

Kituoni tumefungua jalada, tumepewa RB, tumeambiwa tusubiri. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" nimezoea kuziripoti kwenye namba 15040, lakini hii pesa imeshavuka bahari na ninajua hairudi. Mzee anajua pia, ingawa hasemi. Kikoba wanakuja kila Jumapili. Mama mdogo bado hajawaambia ukweli, anakaa pale anasikia anaulizwa ada ya nani hiyo isiyolipika.

Agosti ikaja barua nyingine. Safari hii "Interpol": wamewakamata waliomwibia, jina lake limo kwenye orodha ya kulipwa fidia, atume dola 150 za kufungua faili. Wamejuaje ameibiwa? Si ni wao wenyewe, au wamemuuza kwa wenzao kama ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa mara moja. Mara hii hakuchinja kuku. Alinitumia picha ya barua, chini ameandika neno moja: "Nijibu?"

Oktoba 2024, tarehe 2, dirisha la kujaza likafunguliwa tena. Jumamosi nilipita pale stendi. Bango jipya, bendera ya Marekani kubwa: TUNAJAZA GREEN CARD, USHINDI NI UHAKIKA. Bei imepanda, sasa 20,000. Foleni ilikuwa ya watu tisa, na kaunta buku lipo pale pale mezani, limefunguliwa.