Mjadala: Tuwakataze watoto kufungua chesi kwa "London"?

Mwanzisha mada (mwalimu wa chesi, mtaa wa Tudor, Mombasa): Jumamosi nilisimamia mashindano ya watoto. Meza kumi na mbili, na kwenye nane mwenye kete nyeupe kaanza vilevile: askari mraba wa d4, askofu f4, halafu e3 na c3. Ndio ufunguzi wa London huo. Meza moja, malkia mweusi kaja b6, anamkodolea macho askari wa b2, na askofu aliyekuwa akimlinda kishatoka. Mtoto hata hakutazama. Kasukuma c3, ndivyo alivyokariri. Askari kaliwa, yeye anatoa farasi wake f3 raha mustarehe, na ngome ya pembeni nayo ikaenda. Mie nasema vilabu viukataze kwa walio chini ya miaka 12. Mwasemaje?

Wa Kibokoni: Sikubali. Mwaka 2023 kule Astana, kwenye mechi ya ubingwa wa dunia wa chesi, Ding Liren yuko nyuma 3–2 mbele ya Ian Nepomniachtchi. Mchezo wa sita kafungua na London hiyohiyo, kamzingira mfalme mpaka mwenziwe kasalimu amri. Na ubingwa wa dunia akauchukua. Au na yeye ni mtoto?

Mwanzisha mada: Ding alikuwa na funguzi tele mfukoni, siku ile akachagua hiyo. Huyu wetu anachagua nini?

Mama wa Likoni: Mwalimu, shikamoo. Wangu anavuka feri mara moja kwa wiki kuja kusoma chesi. Kabla ya hiyo London alikuwa akifungwa kwa hatua nne, kila siku machozi. Sasa walau anafika katikati ya mchezo. Mkimkataza, mtamfundisha lini hiyo nyingine? Saa moja kwa wiki haitoshi hata kupanga kete na kunyamazishana.

Mzee wa bao: Huku Mji wa Kale, asiyetazama kete za mwenziwe kwenye namua, yaani awamu ya kwanza ya bao, mtaji, awamu ya pili, unamkuta hana kitu. Lakini hatumkatazi mtu kuanza atakavyo. Twamla tu.

Mwanzisha mada: Marahaba, Mama. Hapo kwa saa umenishika. Basi nalegeza: London ruhusa, ila katika raundi tano, mbili aanze na askari e4, azoee kufikiri. (Mzee, hao unaosema "twawala" wana miaka minane!)

Wa Kibokoni: Raundi tano, kete nyeupe anazipata mara mbili, ikizidi tatu. Mwalimu, hiyo si kulegeza, ni marufuku ileile umeivisha kanzu.