Rafiki yangu anashika kifua kila tukipanda ngazi na hospitali hataki hata kuisikia, nimfanyeje?

Rafiki_wa_Zamani

Wakuu habari zenu, naomba mawazo yenu maana mi hapa nimeishiwa maneno. Nina rafiki yangu tumetoka mbali sana, tumesoma wote, tumeoa mwaka mmoja, na sasa hivi tunafanya kazi jengo moja ghorofa ya tatu. Kama miezi miwili hivi kila tukipanda ngazi akifika katikati anasimama, anatoa simu anajifanya kuna meseji anasoma. Mwanzo sikujali, ila siku moja nikachungulia ile simu nikakuta kioo kimezima kabisa, na mkono wa pili uko kifuani kakunja ngumi anajisugua hapa katikati. Anakaa dakika tatu nne anakuwa sawa, tunaendelea kama hakuna kitu.

Nikimuuliza anasema gesi. Ana vidonge vya tumbo mfukoni anatafuna kutwa. Ana miaka 52 na mzee wake alianguka ghafla akafariki akiwa na 54, hiyo ye mwenyewe ndo aliniambia zamani, sasa hivi ukiigusa hiyo habari anabadilika sura.

Wiki iliyopita nikashindwa kuvumilia nikamwambia "utakuja kuwaacha watoto hivi hivi unajiona", akakasirika, mpaka leo ananijibu kwa mkato, na akasema nisithubutu kumwambia mke wake. Sasa jamani, mtu mzima unamshawishi vipi? Na shemeji nimwambie au ninyamaze? Silali vizuri kwa kweli.

Kijana Mtulivu

Pole sana kaka. Inaweza kuwa gesi kweli lakini, mi mwenyewe kifua kilinibana mwaka jana nikadhani moyo kumbe tumbo. Mwambie atumie dawa ya gesi wiki mbili vizuri aone, ikigoma ndo aende.

Nesi wa Usiku

Kijana Mtulivu naelewa umesema kwa nia njema ila hizo wiki mbili hapana, tafadhali. Na hata akipata nafuu kwa dawa ya tumbo hiyo haithibitishi kwamba moyo ni mzima, tumeona wengi waliopata nafuu kidogo wakabaki nyumbani.

Kaka uliyeuliza, mi siwezi kumpima mtu kwa maneno, inaweza kuwa misuli, mapafu, upungufu wa damu, hata tumbo kweli. Lakini angalia ulichokiandika mwenyewe: inakuja akipanda, inaondoka akisimama. Gesi haijui ngazi. Moyo nao una mishipa yake ya kuulisha, ikianza kuwa myembamba, mtu akiwa amekaa damu inatosha, akipanda ngazi moyo unataka damu zaidi na njia ni finyu, ndo pale anabanwa, akipumzika mahitaji yanashuka na maumivu yanakwisha. Halafu wengi hata hawasemi "maumivu", wanasema kitu kizito, kubanwa, kuungua, kama mtu amekukalia kifuani, na inaweza kwenda begani, mkono wa kushoto, taya au mgongoni. Kwa hiyo ukimuuliza "kifua kinauma?" atajibu hapana na hatakuwa amedanganya, muulize anasikia nini. Wanawake, wazee na wenye kisukari wakati mwingine hawana hata hicho kifua, wanachoka tu isivyo kawaida, pumzi inakata, wanasikia kichefuchefu.

Na hiyo ya mzee wake si kitu cha kukipita. Baba au kaka wa damu akipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, daktari anaihesabu, ni moja ya vitu vya kwanza atakavyouliza.

Sasa shika hili. Ikianza kuja kwa mwendo mdogo kuliko zamani, au inakaa muda mrefu zaidi, au imemwamsha usiku, au imekuja amekaa tu, hapo hamsubiri miadi, ni siku hiyo hiyo. Na ikimbana haiachii hata akipumzika dakika chache, au jasho la baridi, kutapika, pumzi kukata, kutaka kuzimia, usimbembeleze tena, piga simu ya gari la wagonjwa. Asiendeshe mwenyewe, na wewe usimpakie kwenye gari lako kama gari la wagonjwa linapatikana, maana moyo ukisimama njiani wewe uko kwenye usukani huwezi kumsaidia. Wakikuambia kwenye simu atafune aspirini (kawaida ni miligramu 300) waambie kwanza kama ana mzio nayo au ana vidonda vya tumbo au amewahi kutapika damu, kwa huyu hilo ni muhimu kwa sababu hivyo vidonge vya tumbo anavyotafuna hatujui anatibu nini. Akianguka hapumui au anapumua kwa kukoroma koroma, mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache mpaka watu wafike.

Dereva_G

Kaka mi ndo nilikuwa huyo rafiki yako kwa hiyo nisikilize mimi.

Mke wangu alisema, watoto walisema, bosi akasema, na kila mtu alikuwa na neno moja, utakufa. Sikiliza nikuambie, mtu mwenye hofu ukimwambia atakufa hajifunzi kitu kipya, hilo neno analo kichwani kila usiku, we unamwongezea sauti tu. Nilikuwa nafunga masikio. Kazi yangu ni kuendesha na mi nilichokuwa naogopa hata si kufa, nilikuwa naogopa kuambiwa usiendeshe tena, na kupasuliwa kifua. Hakuna mtu aliyeniuliza naogopa nini, walikuwa wanajua wao naogopa nini.

Kilichonitoa ni jamaa mmoja tunafanya naye kazi. Hakunihubiria. Alisema "Alhamisi naenda kupima presha, nimeahirisha sana, nisindikize". Basi nikaenda kumsindikiza, akapima yeye wa kwanza, akaniambia na wewe kaa basi. Ikaja 178 kwa 104. Nesi akasema nipumzike akarudia, ikashuka kidogo tu. Ye ndo akaniuliza taratibu, mbona unapumua hivyo, nikajikuta naeleza yote mbele ya mtu nisiyemjua, vitu ambavyo mke wangu sikumwambia miezi.

Nakuambia na hii ili asije akakata tamaa au akashangilia mapema: kipimo cha umeme wa moyo, ile ya kubandikwa waya, yangu ilitoka safi. Nilifurahi sana nikataka kuondoka. Daktari akasema hiyo umepimwa umelala, shida yako ipo ukitembea, wakaniweka kwenye mashine ya kukimbilia na hizo waya, dakika ya tano wakanisimamisha. Baadaye wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa hapa mkononi mpaka kwenye moyo, nikiwa macho naongea nao, wakakuta mshipa mmoja umebana sana wakaweka kile kijibomba cha wavu cha kuushikilia wazi. Kifua changu hakina kovu. Kesho yake nikarudi nyumbani, na kuendesha nilisimamishwa kwa muda nikaruhusiwa tena baada ya kupimwa. Si wote wanamalizika hivyo, wengine wanabaki na dawa tu, wengine wanafanyiwa operesheni kubwa, ila ninavyosema ni kwamba nilichokuwa nakiogopa miezi saba nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe kichwani.

Kitu kingine, wanaume wenzangu tusifichane. Kama anatumia dawa za nguvu za kiume amwambie daktari. Kuna dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya kifua, zikikutana hizo mbili presha inaporomoka vibaya. Mi niliulizwa nikaona aibu, daktari akaniuliza mara ya pili akiwa peke yake na mimi ndo nikasema.

mama_watoto3

Mi nazungumzia la shemeji maana wote mmelikwepa. Dada yangu wa kazini aliniomba nisiseme, nikanyamaza, nikajiita rafiki mwaminifu. Sitaki kuandika kilichofuata. Kwa hiyo nasema usinyamaze, lakini pia usiende kwa mgongo wake, mtu akijua umemzunguka hatakuambia tena hata siku anabanwa kweli, na wewe ndo macho yake pale ngazini. Mwambie yeye kwanza, uso kwa uso, "nakupa mpaka siku fulani umwambie mwenyewe, ikipita namwambia mimi nawe ukiwepo". Siku iwe karibu. Atanuna, mwache anune.

Na anza na samahani kwa lile neno la watoto, nakuomba. Halafu mwambie ulichokiona, si unachokifikiria. "Nimekuona umesimama, simu imezima." Hapo hana cha kubishana nawe.

Rafiki_wa_Zamani

Asanteni sana wote. Dada nesi nimeandika yale yote kwenye karatasi. Dereva_G ujumbe wako nimeusoma mara tatu, sikuwahi hata siku moja kumuuliza anaogopa nini, nimekaa na hilo jana yote.

Leo jioni nimemfuata. Nikaanza na samahani. Nikamwambia ile ya simu iliyozima, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani nimeharibu tena. Ndo akasema siku ile mzee wake alipelekwa hospitali akiwa anaongea, yeye mwenyewe ndo alimshika mkono kumwingiza mlangoni, na hakutoka. Yaani miaka yote hii kumbe kwake ule mlango ndo uliomchukua baba yake. Mi nilikuwa namsukuma kwenye mlango ule ule na kumtajia watoto juu yake.

Sikumjibu kitu cha maana, nilikaa naye tu. Baadaye nikamwambia basi twende zahanati ndogo kwanza, tupime presha wote wawili, mi naingia wa kwanza na siondoki pale. Amekubali Jumamosi asubuhi. La shemeji nimempa mpaka Jumamosi hiyo hiyo.

Nesi wa Usiku

Vizuri sana kaka. Mkiingia usikubali aseme "nimekuja kupima presha" akaishia hapo. Iseme wewe kama yeye atashindwa: kifua kinabana akipanda, kinaachia akipumzika, miezi miwili, baba yake akiwa na 54. Hiyo sentensi moja itawafanya wasimwache aende hivi hivi. Vidonge vyote anavyotumia aje navyo mfukoni. Mpaka siku hiyo asibebe mizigo wala asikimbilie kitu, na zile dalili za hatari nilizosema hazisubiri Jumamosi.

Rafiki_wa_Zamani

Wakuu narudi kuwapa mrejesho. Tulienda. Presha yangu iko sawa, yake 162 kwa 98. Alipoulizwa alianza na gesi, nikamwangalia, akashusha pumzi akasema yote mwenyewe, mimi nikaongezea la mzee wake tu. Wakamfanyia ile ya waya, wakatoa damu, halafu wakaandika barua ya kumpeleka kwa daktari wa moyo na wakapiga simu pale pale, nafasi ni Jumanne. Amepewa dawa ya kuanza nayo na ya kuweka chini ya ulimi, wameelekeza akae chini kabla ya kuitumia na wakati gani tupige simu ya dharura. Wanasema bado hawajui kwa uhakika, Jumanne ndo watajua zaidi. Ameniomba niende naye.

Shemeji amemwambia mwenyewe kwenye gari, kwa simu, mimi nikiwa pembeni. Alilia kidogo, wote wawili.

Leo asubuhi tumefika kazini, mi kwa mazoea nikaelekea kwenye ngazi, akanivuta mkono twende kwenye lifti.