Tupeane uzoefu: AC na hita za magari ya zamani hapa Dodoma

Mwenye Corolla
Wakuu, Corolla yangu ni ya 1997. Kila fundi akifungua boneti jibu ni lile lile: "Gesi imeisha, tujaze." Tunajaza, napoa wiki chache, kisha narudi kwenye jua la Oktoba na vioo chini, vumbi lote langu. Na hita nayo inapuliza ubaridi. Waliopona watupe dawa.

Mgogo wa Kizota
Mkuu, gesi haiishi kama petroli. Mfumo umefungwa, ikipungua inavuja. Noah yangu ilipakwa povu la sabuni kwenye viungio, kimya, hakuna kiputo. Fundi akatia rangi ile inayong'aa kwenye taa maalumu, nikaendesha, tukaiona: doa la kijani chini ya kondensa (ile kama rejeta ya AC, mbele ya gari), pale kokoto ilipopiga. Tukabadilisha kondensa, oringi (mipira ya viungio) na drayeri (kichujio cha kunyonya unyevu), kisha akavuta hewa yote kwa pampu ndipo akajaza. Hiyo ya kuvuta hewa ndiyo wanairuka. Unyevu ukibaki unaganda kwenye valvu ndogo inayopitisha gesi, AC inapoa halafu inakata, na kutu inakula mabomba kwa ndani.

Mama Ihumwa
Yangu ilikuwa inapoa ukikimbia, ukisimama kwenye taa joto. Gesi haikuwa na kosa lolote! Feni ya mbele ilikufa na kondensa imejaa vumbi jekundu. Osheni kwa maji ya taratibu. Ile mashine ya kuoshea magari inalaza vibati vya kondensa, hewa haipiti tena.

Dereva wa Manyoni
Mimi niongelee hita, maana Julai alfajiri huku si mchezo. Gusa mipira miwili (mabomba ya maji ya moto) inayoingia kwenye hita injini ikiwa ya moto. Mmoja moto, mwingine baridi? Hita imeziba au valvu yake imefunga. Tunajaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi, magamba yanabaki humo. Tumieni kulanti jamani, yale maji maalumu ya rejeta. Yote miwili vuguvugu tu? Uliza kama themostati ipo, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wetu wanaing'oa eti nchi ya joto haiihitaji; injini haifiki moto wake, mafuta yanaliwa, na wewe unatetemeka.

Jirani wa Nkuhungu
Zulia la abiria likilowa: maji safi yasiyo na harufu, bomba la AC la kutolea maji limezibwa na vumbi. Yakiwa na utelezi na harufu tamu, kioo kinaweka ukungu wenye mafuta, hita inavuja.

Mzee wa Land Cruiser
Land Cruiser za miaka ya 80 zilikuja na R12, gesi ya AC ya zamani. Usikubali mtu akumiminie R134a, gesi iliyokuja baadaye, juu ya oili ya zamani, haichanganyiki nayo, kompresa (pampu ya AC) itakwama.

Mwenye Corolla
Nimegusa mipira, yote vuguvugu. Fundi wa kwanza nimempigia, kacheka: themostati aliitoa mwaka juzi. Naitafuta leo. Nani anamjua mwenye pampu ya kuvuta hewa Area D au Majengo? Namba nitumieni inbox.