Nakariri misamiati ya Kiingereza usiku, Jumamosi nimesahau. Mtihani mwezi wa tano, naombeni ushauri

Binti_HKL

Habari za humu wakuu. Wakubwa shikamooni.

Niko kidato cha sita, nasoma HKL, mtihani wa taifa ni mwezi wa tano. Historia na Kiswahili hazinipi shida. Kinachonitoa jasho ni Kiingereza, hasa misamiati.

Shuleni kwetu kuna daftari linalorithiwa kutoka kwa waliotutangulia. Limejaa maneno mazito matupu: "obfuscate", "perspicacious", "lugubrious", "ameliorate" na ndugu zao. Kwenye mdahalo mtu akishusha mawili matatu ya namna hiyo, ukumbi mzima unapiga makofi hata kama hakuna aliyeelewa. Basi na mimi nakariri ukurasa mmoja kila siku baada ya prepo. Usiku huohuo nayajua yote. Ikifika Jumamosi yamebaki machache, tena nachanganya "imminent" na "eminent", "credible" na "credulous".

Halafu kwenye mtihani wa mock, swali la ufahamu likauliza maana ya "grave" kama lilivyotumika kwenye kifungu. Karibu darasa zima tukaandika mahali anapozikwa mtu. Kumbe kifungu kilikuwa kinazungumzia "grave accusations". Hilo neno halimo hata kwenye daftari.

Niendelee na daftari au niliache? Na mtu anafanyaje asisahau? Simu naipata likizo tu (hii ni ya mama), shuleni haziruhusiwi.

---

Mzee_Kigoda

Marahaba mjukuu. Enzi zetu ilisemekana ukishamaliza ukurasa wa kamusi unauchana na kuutafuna ili yasitoke kichwani. Jaribu, ila anza na kamusi ya jirani.

---

Tausi_wa_Tanga

Mzee Kigoda usimpoteze mtoto wa watu, mtihani wenyewe uko karibu 😂

---

Mwalimu_Chaki

Marahaba mwanangu. Somo hili nalifundisha, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kabla ya kuuliza ukariri vipi, jiulize hayo maneno yanatakiwa wapi. Karatasi ya pili ni fasihi, huko yatakusaidia kuelewa na kuandika insha. Karatasi ya kwanza ndiyo inayoyapima waziwazi: kwenye ufahamu unaulizwa maana ya neno ndani ya kifungu, na kwenye mada ya uundaji wa maneno unaulizwa neno limejengwaje. Zaidi ya hapo unayahitaji unapoandika mwenyewe. Sasa litazame daftari lako. Linakupa neno na maana yake moja, basi. Halina sentensi wala halikuonyeshi neno limetoka wapi. Kwa kazi zote hizo, linakuacha njiani.

Hiyo "grave" yenu ni mfano mzuri. Mtego wa ufahamu mara nyingi hauko kwenye maneno mageni, uko kwenye maneno mnayoyafahamu yenye maana ya pili. "Novel" huwa ni riwaya, lakini "a novel idea" ni wazo jipya. "Address" ni anwani, lakini "to address a problem" ni kulishughulikia tatizo. "Appreciate" mnaijua kama kushukuru. Kwenye habari za uchumi, "the shilling appreciated" maana yake thamani ya shilingi imepanda. "Sanction" ndiyo mtundu kuliko yote, inaweza kuwa kuruhusu na inaweza kuwa adhabu, sentensi ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo, kabla hujagusa maana, angalia neno linafanya kazi gani. Kwenye "grave accusations" neno liko mbele ya nomino na linaieleza, basi ni kivumishi. Kaburi ni nomino, haliwezi kukaa hapo. Hilo tu lingewatosha kulifuta jibu la kwanza. Kisha liondoe neno, soma sentensi ikiwa na pengo, weka neno lako rahisi. "Serious" inaingia vizuri? Jibu umelipata. Na jibu lako lilingane na neno uliloulizwa: ukiulizwa kitenzi cha wakati uliopita, jibu kwa kitenzi cha wakati uliopita.

Kuhusu uundaji wa maneno, wewe wa HKL una bahati kuliko wenzako wa HGL, wanaosoma Jiografia badala ya Kiswahili. Uambishaji na unyambulishaji umeshausoma kwenye Kiswahili. Kutoka "amini" unapata aminika, mwaminifu, uaminifu. Imani na amana nazo ni za ukoo huohuo. Kiingereza nacho kilichukua "credere" ya Kilatini, yaani kuamini, kikazaa ukoo wake. "Credible" ni kinachoaminika. "Credulous" ni mtu mwepesi wa kuamini, unamdanganya asubuhi na jioni. "Incredulous" ni yule asiyeamini anachosikia. "Creed" ni imani. Hata "credit" imo, kwa sababu anayekukopesha amekuamini. Ukisoma ukoo mzima kwa pamoja, kuchanganya kunapungua, maana kila neno umeshalipa nafasi yake.

Lakini usiwe mtumwa wa viambishi. Wanafunzi wengi wanadhani "in-" daima inakanusha. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani, ni chenye thamani kubwa mno. "Infamous" si asiyejulikana, anajulikana sana ila kwa ubaya. Na "inflammable" maana yake kinashika moto upesi! Anayedhani ni kinyume, asikae karibu na lori la mafuta.

La mwisho. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huweka kwenye tovuti yao taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa kila somo. Ndani yake kuna nakala za majibu yenyewe, mazuri na mabaya, na maelezo ya kilichowaangusha. Zipakue sasa hivi ukiwa na simu ya mama, uzichape. Kusema kweli hata walimu wenzangu wengi hawazisomi.

---

Bingwa_wa_Mdahalo

Mwalimu heshima yako, lakini hapo kwenye daftari sikubali. Maneno mazito yana raha yake. Mtu anayejua "ameliorate" hawezi kuwa sawa na anayeandika "make better" kila aya. Msahihishaji naye ni binadamu, anachoka kusoma kitu kilekile kwenye insha mia.

---

Mwalimu_Chaki

Bingwa, sina ugomvi na "ameliorate". Shida ni kwamba daftari halisemi linakaa na nani. Kiingereza kinasema "ameliorate the suffering", "ameliorate conditions". Nimewahi kusoma insha ya mtu anaye-ameliorate simu iliyopasuka kioo. Neno jepesi lililokaa mahali pake halimchoshi msahihishaji. Linalomchosha ni zito lililolazimishwa, maana inabidi asimame atafute mwanafunzi alikusudia nini.

---

Nyota_ya_Lamu

Hujambo dadangu. Mimi niko upande huu wa Kenya, KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, niliimaliza kitambo. Kwetu, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina kifungu chenye mapengo kumi, alama kumi, na hupewi maneno ya kuchagua. Tulikuwa tukienda tukiwa tumemeza vokabu za ajabu, kisha mapengo yanataka "despite", "hardly", "whom", "nevertheless". Vijineno vyenyewe hivyo!

Hata kama mtihani wenu hauna swali la aina hiyo, zoezi lenyewe ni zuri mno. Chukua tahariri ya gazeti la Kiingereza, mwenzako afunike neno moja kila baada ya maneno saba au nane kwa ile rangi nyeupe ya kufutia. Ujaze. Kisha mlinganishe na nakala nyingine ambayo haijafutwa. Mkibishana kama neno lako nalo linafaa, hapo ndipo mnaposoma hasa.

---

Kadi_na_Kalamu

Mwalimu amejibu usome nini, mimi nijibu kwa nini unasahau.

Unachokiona Jumamosi kina historia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema baada ya kujifunza, kisha kasi ya kusahau inapungua. Alionyesha pia kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo. Wewe kila usiku unafungua ukurasa mpya na ule wa jana huugusi tena. Huo wa jana unabakije?

Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner alieleza kwa Kijerumani njia ya boksi na kadi, na ndiyo hiyo programu nyingi za simu zinaifuata hadi leo. Haitaki umeme wala bando. Kata manila iwe kadi ndogo. Upande mmoja andika sentensi yenye pengo, si neno peke yake. Nyuma andika neno, maana yake kwa Kiingereza chepesi, na ndugu zake wa ukoo. Boksi la viatu ligawe vyumba vitano. Kadi mpya zinaanzia chumba cha kwanza, hicho unakipitia kila siku. Ukipatia, kadi inahamia cha pili, unakipitia kila baada ya siku tatu. Cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano mara moja kwa mwezi. Ukikosa, hata kama kadi ilishafika chumba cha tano, inarudi cha kwanza bila huruma.

Na usichungulie nyuma kabla hujajibu. Kusoma tena na tena kunakupa hisia kwamba unajua, ila ni lile jasho la kulitafuta neno kichwani linaloligandisha.

Kwa siku weka kadi mpya saba au nane tu. Ukitia thelathini, wiki ya pili chumba cha kwanza kitakuelemea na boksi utaligawa kwa wadogo zako waweke kokoto.

---

Mbeba_Boksi_Leeds

Naongezea kidogo tu kuhusu maneno ya kuweka kwenye hizo kadi. Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha ya maneno ya kitaaluma, koo 570. Aliyapata kwa kuchambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni tatu na nusu, akaacha nje yale elfu mbili ya kawaida kabisa. Orodha hiyo inagusa takriban neno moja katika kila kumi ya maandishi ya aina hiyo. Humo kuna "derive", "assume", "reluctance", "persist", "albeit", "notwithstanding". "Lugubrious" haimo. Inapatikana bure mtandaoni, imegawanywa mafungu kumi kuanzia yanayotokea sana. Nilipokuja kusoma huku, hiyo ndiyo iliyonivusha.

---

Binti_HKL

Asanteni sana wakubwa, Mungu awabariki. Taarifa za NECTA nimeshapakua, kesho nazipeleka steshenari kuchapa. Boksi la viatu ninalo. Nina maswali mawili. "Imminent" na "eminent" maana zake sizioni zikihusiana kama za ukoo wa "credible", nazitenganishaje? Na mpaka mwezi wa tano sitaweza kumaliza koo 570 kwa kadi nane kwa siku pamoja na masomo mengine.

---

Kadi_na_Kalamu

Hizo zipe kila moja mwenzake wa kudumu. "Imminent danger", hatari iko mlangoni. "Eminent lawyer", wakili mashuhuri. Usiziweke kwenye kadi moja kamwe, na ya pili iingize boksini baada ya ile ya kwanza kukaa sawa. Mapacha ukiwajua siku moja utawachanganya maisha.

---

Mwalimu_Chaki

Usijaribu kuzimaliza, mwanangu. Yapitie mafungu manne matano ya mwanzo kwa jicho. Mengi utakuta unayajua tayari kutoka kwenye Historia. Nyie mnaandika insha za Historia kwa Kiingereza kila wiki: "annexation", "abolition", "sovereignty", "to depose a chief". Hiyo ni misamiati ya juu, mnaidharau kwa sababu haimo kwenye daftari la mdahalo. Kadi tengeneza kwa lile tu ambalo huwezi kulitungia sentensi.

Na tuanze sasa hivi. Chukua "reluctant", "persist" na "albeit", tunga sentensi kwa mambo ya Historia, uweke hapa.

---

Binti_HKL

Haya mwalimu:

1. The chief was reluctant to sign the treaty.
2. The fighters persisted to resist the Germans.
3. Albeit they had weak weapons, they won the first battle.

---

Mwalimu_Chaki

Ya kwanza safi, hata sihitaji kuigusa.

Ya pili, "persist" haifuatwi na "to" na kitenzi. Sema "persisted in resisting the Germans". Kwenye kadi usiandike "persist" peke yake, andika "persist in doing".

Ya tatu, wazo zuri, neno halikukaa. Kwa kawaida "albeit" haibebi sentensi nzima yenye mtenda na kitenzi chake, hapo kazi ni ya "although". "Albeit" inashika kipande kifupi: "They won the first battle, albeit with heavy losses." Iandike upya kwa mfano wa Maji Maji au Wahehe, kisha unioneshe.

---

Binti_HKL

The Hehe defeated the Germans at Lugalo in 1891, albeit with heavy losses.

---

Mwalimu_Chaki

Hiyo iweke chumba cha kwanza. Leta nyingine tatu kesho: "notwithstanding", "derive", "assume".

---

Bingwa_wa_Mdahalo

Mwalimu, na mimi nikileta zangu utasahihisha?

---

Mwalimu_Chaki

Lete, ila "ameliorate" iache nyumbani.